Naombeni ushauri: nanotyubu za kaboni zinaota mabaka kwenye stenlesi

Mwana_Maabara: Wakuu habari za jioni. Niko kwenye utafiti wa masta, naotesha nanotyubu (vimirija vidogo mno vya kaboni) juu ya kibati cha stenlesi 304, gesi ni asetilini na haidrojeni, tanuru nyuzi 750, katalisti (kichocheo cha kuziotesha) sijapaka maana chuma chenyewe si kipo humo. Nataka katodi (upande unaotoa elektroni) ya mashine ndogo ya eksirei, elektroni zitoke kwa nguvu ya umeme bila kuchemsha waya. Sasa zinaota mabakamabaka, huku msitu kule masizi matupu, na supavaiza anasema nihamie shaba. Mnasemaje?

Fundi Tanuru: Shaba itakutesa mkuu, chembe za chuma utakazopaka juu zinazama ndani kwa joto hilo, so lazima uweke tabaka la kuzuia, na ukiweka alumina (oksaidi ya alumini) umeme nao haupiti. Baki hapo hapo. 304 ina kromiamu kama asilimia 18, inajivika oksaidi (ngozi nyembamba ya metali na oksijeni), gesi haikifikii chuma. Ichovye asidi ya haidrokloriki, suuza, ipashe moto hewani, halafu fukuza hewa YOTE kwa argoni ndo ufungulie haidrojeni (hapo usilete utani kabisa, tanuru litakulipukia). Utapata vipunje vya chuma, hivyo ndo vinaotesha.

Bi Volti: Sawa ila nani kakwambia msitu ndo mzuri?? Zikibanana zinakingana, uga wa umeme haufiki kwenye ncha. Nafasi kati ya moja na nyingine inatakiwa iwe kama mara mbili ya urefu wake. Hayo mabaka umeyapima au unayaangalia tu?

Mwana_Maabara: Nimepima dada, karenti inaanza fresh, mara inarukaruka, nikiongeza volti kidogo pap! cheche, kurudia inatoka nusu

Bi Volti: Kuna ncha chache ndefu zinabeba mzigo wote zinaungua. Weka rezista ya mfululizo, anzia megaohmu 1, volti panda nazo polepole, na vakyumu kama haijafika 10⁻⁶ torr (torr ni kipimo cha kanieneo) usiwashe, maana gesi iliyobaki inageuka ayoni inarudi kuzitwanga. Alafu chora grafu ya ile nadharia ya Fowler na Nordheim ya 1928 (elektroni kuchomoka kwenye metali kwa nguvu ya umeme), logi ya I/V² dhidi ya 1/V, I ni karenti, V ni volti. Mstari ukinyooka uko vizuri. Volti zikiwa kubwa mstari ukaanza kulala, kagua kwanza mizizi inavyogusana na chuma.

Fundi Tanuru: Rezista itakula volti zake, itoe kwenye hesabu kabla hujachora

Mwana_Maabara: Kumbe! Sikuwa na rezista kabisa. Kesho naanza na asidi, shaba ntamwambia supavaiza isubiri