Gumzo la Blok B: dari ya 1B inavuja

*Jumamosi*

Mzee Kombo (1B): Asalaam alaykum majirani. Mama Nasra, dari ya bafu letu imetoa doa tena, jipsamu imevimba kama andazi. Jana usiku maji yamedondoka, asubuhi kukavu.

Mama Nasra (2B): Waalaykum salaam, shikamoo mzee. Poleni jamani. Nimeshafunga bomba, natafuta mtu wa kuvunja sakafu yote.

Fundi Shabani (3A): Usivunje kitu kwanza mama. Mzee, yanadondoka kutwa au watu wakioga tu?

Mzee Kombo (1B): Wakioga tu. Robo saa hivi baadaye yanaanza, mpaka saa nzima.

Fundi Shabani (3A): Basi bomba la presha, lile la maji safi, halimo. Hilo likitoboka halichagui saa, linavuja hata mkiwa kazini na mita inazunguka. Tubaki na tatu: bomba linalopanda kwenda kwenye shawa, sakafu, na trapu, yaani kile kikombe cha plastiki sakafuni kinachopokea maji machafu, pamoja na bomba lake. Tunapima moja moja, na kati ya kipimo na kipimo dari ikauke, la sivyo mtasingizia kisicho na kosa.

Shawa: fungulia dakika 10, maji yote yaingie kwenye ndoo, sakafu isilowe.
Bomba la maji machafu: lita 20 zenye bluu ya kufulia, mimina kwa faneli ndani ya tundu. Vigae visiguse maji.

Mzee Kombo (1B): Nimesimama na tochi. Shawa, hakuna. Ndoo ya bluu, hakuna.

Dada Halima (2A): Si trapu basi!

Fundi Shabani (3A): Subiri. Ndoo imepima ndani ya trapu tu. Ukingo wake, pale plastiki inapokutana na saruji, haujaguswa. Mama Nasra, kanda unga wa ngano mgumu, viringisha kamba nene kama kidole gumba, izungushe trapu kwa upana wa sentimita 30 na uibane kwenye vigae. Ziba tundu kwa kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, ukisukume chini ya ukingo. Jaza maji ya bluu kina cha sentimita 2 ndani ya duara. Nje pawe pakavu.

Mama Nasra (2B): Unga wa chapati za jioni huo 😅 Haya, tayari.

Mzee Kombo (1B): Dakika 25. Tone la bluu. La pili hilo.

Fundi Shabani (3A): Tumempata. Plastiki ya trapu ni laini na saruji haiishiki. Saruji ikikauka inasinyaa, kunabaki ufa mwembamba kama unywele kuzunguka trapu, maji yanafuata nje ya bomba hadi chini ya slabu. Nywele zikijaa kwenye kichujio ndiyo mbaya zaidi, maji yanasimama na ule ufa unakunywa.

Dada Halima (2A): Si apake saruji nyeupe juu?

Fundi Shabani (3A): Itashika wiki chache. Maji ya moto yanatanua plastiki, yakipoa inarudi, saruji nyeupe inapasuka palepale. Silikoni juu ya vigae vyenye unyevu nayo inabanduka kama ngozi. Mzee, kwa kuwa jipsamu hiyo imeshakufa, kata kipande tuone bomba kwa chini.

Mzee Kombo (1B): [picha]

Fundi Shabani (3A): Mnaona weusi pale bomba linapoungana? Limepanuliwa kwa moto badala ya kununua soketi. Ukuta wa bomba unakuwa mwembamba na kiungo hakikazi. Leo kikavu, lakini dari ikiwa wazi tukikate. Soketi 2 za inchi 2, zile za kuunganishia mabomba, na kipande kifupi cha bomba. Kata wima, toa mabaki ya msumeno, futa, gundi pande zote mbili, ingiza ukizungusha robo duara, shika nusu dakika. Mteremko sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita.

*Jumapili*

Mama Nasra (2B): Na huku juu fundi?

Fundi Shabani (3A): Grenda ikate kigae tu, mraba wa 30 kwa 30, isizame ikala trapu. Tindo na nyundo ndogo, chimba sentimita 4 kuizunguka. Ikitikisika au ina ufa, tunaing'oa na kuweka mpya. Ikiwa imara, ibaki. Acha siku mbili na feni pakauke.

Halafu siri yake: kwaruza plastiki kwa msasa namba 80, paka gundi ya bomba, na ikiwa bado mbichi inyunyizie mchanga mkavu wa chengachenga. Ikikauka, trapu ina ngozi ya mchanga, hapo saruji inapata pa kung'ang'ania. Jaza mota, saruji 1 kwa mchanga 3, iinamie kwenye trapu. Ikishika, dawa ya kuzuia maji mikono miwili, yaani unapaka mara mbili, wa pili ukikatisha wa kwanza, ipande mpaka juu ya ukingo wa trapu. Kati ya mikono fuata saa zilizoandikwa kwenye kopo, usikisie.

Dada Halima (2A): Kigae lini?

Fundi Shabani (3A): Baada ya kuziba tundu na kusimamisha maji saa 24, mzee akiwa chini anaangalia. Pakiwa pakavu, kigae, kiwe juu ya ukingo milimita 3 hivi. Kati yao acha nafasi ya milimita 5, hiyo ndiyo ya silikoni. Grauti, ile ya kujazia kati ya vigae, hapo hapana.

Mzee Kombo (1B): Na sakafu nyingine? Hatujaipima.

Fundi Shabani (3A): Kweli mzee. Kabla ya grenda, duara lile lile la unga, safari hii maji nje na ndani pakavu.

Mama Nasra (2B): Jipsamu ya mzee naileta mimi. Unga naanza kukanda upya, ule wa jana umelainika.

Fundi Shabani (3A): Ule wa jana uende kwenye pipa la taka. Usiusukumie kwenye trapu.