Rozari, zikri, uradi: mbona mwili unatulia hivi?

Mtoto wa Jumuiya:
Wakuu habari zenu. Mi Mkatoliki, mwezi huu wa kumi tunasali rozari jumuiyani kila jioni, naenda nimechoka, bosi kanivuruga, kichwa kinagonga, ila tukifika kumi la tatu hivi (kila kumi ni Salamu Maria kumi) nashtukia mabega yameshuka na moyo umetulia kabisa, hadi miayo. Sasa jirani yangu Mwislamu wa tarika, yaani kikundi cha Kisufi, ambaye Alhamisi usiku huwa kwenye zikri, kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, ananiambia na yeye ni hivyohivyo. Ni Roho, ni mwili au ni usingizi tu? Msinitukane.

Bin Uradi:
Hahaha eti usingizi. Suratu Raad aya ya 28 inasema kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutua, kwa hiyo kwetu si ajabu. Ila zikri hazifanani ndugu yangu. Uradi wa baada ya swala, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, unahesabu kwa vidole taratibu, hapo unatulia. Lakini wale wa tarika ya Kadiria wakisimama duara pumzi inatoka kifuani kwa nguvu, wanainama wanainuka, pale hutulii, pale unapanda! Jasho linakutoka na ukimaliza unajihisi mwepesi kama umetua gunia.

Dada Zamu ya Usiku:
La mwili lina jibu. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima watu 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, halafu wakirudia mantra, maneno ya sala ya Wabudha, om mani padme om. Zote mbili zilishusha pumzi hadi kama 6 kwa dakika, na kawaida mtu mzima anavuta 12 mpaka 20. Angalia, kiongozi anasema nusu mnaitikia nusu, zamu nzima ni sekunde kama 10, na presha ya damu nayo ina mawimbi yake ya sekunde kama 10, basi vinaenda pamoja, na ukitoa pumzi ndefu moyo unapunguza mwendo. Hao wa kusimama ni kinyume, ukihema harakaharaka kaboni dayoksaidi inapungua mwilini ndo unapata kizunguzungu na ganzi za vidole, sio lazima pepo.

Mlokole Asilia:
Mathayo 6:7, msipayukepayuke. Nimemaliza.

Bin Uradi:
@Mlokole na nyie haleluya nusu saa nzima mnaitaje? 😂

Dada Zamu ya Usiku:
Mi nimeongelea mapafu tu, Roho sina kipimo chake.

Mtoto wa Jumuiya:
Asanteni. Jana nikaweka saa ya simu mfukoni kama mwizi. Katekista alivyoongoza, Salamu Maria moja sekunde 11, mabega yakashuka. Kumi lililofuata akashika bibi mmoja aliyeacha maharage jikoni, dakika moja na ushee kamaliza lote, pumzi ya kuitikia hatuna, nimerudi nyumbani na kichwa changu vilevile. Na kesho zamu ni yake rozari nzima.