Naomba ushauri: nitawaelezaje wanakwaya sanaa na muziki wa Baroko?

Habari zenu ndugu zangu. Nimepewa saa moja niwaeleze wanakwaya wenzangu kuhusu Baroko, zama za Ulaya za takriban 1600 hadi 1750. "Haleluya" ya Handel wanaiimba kila Pasaka, ila mazingira yaliyoizaa hawayajui.

Upande wa picha sina shida. Mchoro wa Caravaggio wa kuitwa kwa Mathayo, uliomo katika kanisa la San Luigi dei Francesi huko Roma, unajieleza wenyewe: chumba kina giza, mwanga unapenya kutoka kulia juu ya mkono wa Yesu, na mezani sarafu bado zinahesabiwa. Hapo hata mtoto anaelewa.

Kazi iko kwenye muziki. Niliwasikilizisha wachache muziki wa watunzi Monteverdi na Bach, nikawaonyesha ile besi isiyopumzika chini ya wimbo huku kinanda kikijaza sauti za kati. Walipenda sana, lakini uhusiano na picha hawakuuona, na kwa kweli maelezo yangu yalikuwa ya kinadharia mno.

Sasa naomba mnisaidie mawili. Kuna kipande gani kifupi cha kwaya ambacho giza na mwanga vinasikika wazi, hata kwa asiyesoma nota? Pili, vitabu vingi huihusisha Baroko na juhudi za Kanisa Katoliki za kuujibu Uprotestanti baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wake (1545–1563). Bach Mlutheri na mchoraji Rembrandt wa Uholanzi ya Kiprotestanti niwaweke wapi bila kuwachanganya wasikilizaji?