Mada: Barua ya kaunsil kuhusu matawi. Ninunue msumeno gani wa betri wenye mpini mrefu?

Mama Zuhura, Reading

Salaam kwenu wapendwa. Jana nimeletewa barua ya kaunsil, yaani halmashauri ya mji. Matawi ya mti wangu wa sycamore yameinamia njia ya waenda kwa miguu na kuziba taa ya barabarani. Nimepewa siku 14, la sivyo watakuja kukata wenyewe na bili iwe yangu. Na kweli yamezidi. Juzi nimemwona mama mwenye kigari cha mtoto akishuka barabarani penye magari ili ayakwepe matawi, roho iliniuma sana.

Fundi wa miti wa kwanza hana nafasi mpaka mwezi ujao. Wa pili kanitajia bei ambayo naweza kununulia msumeno na chenji ikabaki. Tawi nene kuliko yote nimelipima, lina sentimita 13. Ninayo drili ya Ryobi ONE+ ya volti 18 na betri zake. Je, nichukue msumeno wa Ryobi nitumie betri hizo hizo, au niende kwenye EGO ya volti 56? Mimi ni mfupi, na kazi za kea, za kuhudumia wazee na wagonjwa, zimeshamaliza mabega yangu. Naombeni ushauri.

Baba Neema, Leicester

Dada, usinunue kitu kwanza. Mti una TPO, yaani amri ya kaunsil ya kuulinda usikatwe ovyo? Mtaa wako uko kwenye conservation area, eneo lililohifadhiwa? Ukiharibu mti wenye TPO bila kibali, mahakama inaweza kukupiga faini isiyo na kikomo. Kibali chenyewe kinaweza kuchukua wiki 8. Mimi mti wangu haukuwa na TPO, ila mtaa ni conservation area, ikabidi niwape taarifa na kusubiri wiki 6. Wakati wote huo jirani ananinunia kila nikitoa pipa la taka. Piga simu kitengo cha miti kesho asubuhi.

Mzee Salim, East London

Baba Neema, unamtia hofu mtoto wa watu bure. Kama barua imetolewa chini ya kifungu cha 154 cha Highways Act ya 1980, sheria ya barabara, hiyo ni amri ya kisheria, na kazi ya kutimiza amri ya kisheria haihitaji kibali cha TPO. Ndiyo maana wakatoa siku 14, wangetakaje kazi kwa siku 14 halafu kibali kichukue wiki 8? Mama Zuhura, soma barua tena. Kifungu kimetajwa au ni barua ya kukumbusha tu?

Baba Neema, Leicester

Mzee, shikamoo. Nilichosema ni aulize. Msamaha huo ni kwa kiasi kile tu ambacho amri inadai. Akipitiliza akakata na upande wa bustani, hana kinga.

Kaka Juma, Columbus, Ohio

Huku kwetu mimi sijawahi kuyasikia mambo hayo. Achana na volti 18, tafuta DeWalt ya volti 20, ina nguvu zaidi.

Shaaban, Milton Keynes

Kaka Juma, hapana. DeWalt ya 20 ya Marekani na ya 18 ya huku ni betri ile ile. 20 ni kipimo ikiwa imejaa kabisa, 18 ni kipimo cha kazi. Tusiwape watu hesabu za lebo.

Bustani ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nisikilizeni. Volti siyo swali la kwanza, swali la kwanza ni uzito wa kule mbele. Msumeno wa aina hii una kilo nne hivi, lakini mota na mnyororo viko mwishoni mwa mpini. Ukiurefusha wote, mabega yanalia ndani ya dakika chache. Kwa mtu mfupi mwenye mabega mabovu, dukani aushike ukiwa umerefushwa na betri ikiwa ndani. Asiupime ukiwa umefungwa kwenye boksi.

Bamba linalobeba mnyororo, likiwa la sentimita 20, linaweza tawi la 13, ila usikate kwa mkato mmoja. Anza mbali kidogo na shina: mkato mdogo kutoka chini, theluthi moja ya unene. Kisha sogea nje kidogo ukate kutoka juu mpaka lianguke. Ukianza juu moja kwa moja, tawi linavunjika kabla hujamaliza na kuchana ganda la shina mpaka chini. Kisiki kilichobaki kikate mwisho, nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Uvimbe wenyewe usiuguse, hapo ndipo mti unapoponea.

Oili ya mnyororo ijaze kila unapoanza, na ukimaliza imwage. Ukiuacha umelala na oili ndani, utaikuta sakafuni.

Usisimame chini ya tawi. Usipande ngazi na msumeno. Kama kuna nyaya za umeme karibu, acha kabisa, mpini huo haukukingi na umeme. Piga 105, namba ya huduma ya umeme, upewe wenye nyaya. Na chungulia viota: kuanzia Machi mpaka Agosti ndege wanazaa, na kuharibu kiota kinachotumika ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 1981.

Mama Zuhura, tawi liko juu kiasi gani kutoka chini? Bila hilo siwezi kukuambia ipi ununue.

Bi Mwanaidi, Birmingham

Mimi namwambia achukue ya volti 18, kwa sababu nyingine kabisa. Betri ya volti 18 yenye 5Ah (amp-saa) ni Wh 90 (wati-saa, yaani volti mara Ah), iko chini ya kikomo cha 100 cha ndege, unapanda nayo ndege kwenye mkoba wa mkononi. EGO ya 5Ah ni Wh 280, hiyo huvuki nayo uwanja. Nina kiwanja Bagamoyo chenye miembe mitatu ya marehemu baba. Kila nikienda namkuta kijana juu na panga, kamba hana, na mimi chini nasoma Ayatul Kursi. Siku moja nitafika na msumeno wangu, yeye abaki chini salama. Jamani, embe dodo la Desemba, unalila umeinama lisikuchirizikie nguo! Huku dukani linanukia jokofu.

Mzee Salim, East London

Mwanangu, kiwanja hicho kimeandikwa jina la nani? Kama umeshachukua pasipoti ya huku, Sheria ya Ardhi ya 1999 haikutambui kama raia. Tunajenga, tunasomesha, tunazika, halafu tunapanga foleni ya wageni uwanjani Dar. Uraia pacha tumeuomba mpaka sauti zimekauka.

Rashid wa Kisauni, Manchester

Pole Mzee wangu. Sisi Wakenya Katiba ya 2010 ilitutoa kwenye shida hiyo. Wala nchi haikuanguka.

Baba Neema, Leicester

Uraia pacha una mada yake, tafadhalini. Dada ana siku 14.

Mama Zuhura, Reading

Ahsanteni wote, Mungu awabariki. Nimeisoma tena. Haina kifungu chochote, ni barua ya kawaida yenye picha ya mti wangu. Kesho nitapiga simu kuuliza TPO. Nyaya hakuna. Kiota sijakiona ila nitaangalia tena asubuhi. Kama jibu ni zuri, kuna mtu wa karibu anayeweza kuniazima msumeno Jumamosi, niujaribu kwa mabega yangu kabla sijatoa pesa?

Hadija, Slough

Ninao wa volti 18, bamba la sentimita 20, mnyororo umenolewa. Njoo na betri zako kama ni ONE+, na oili, yangu imekwisha. Mume wangu atakuja kukushikia kamba ya tawi.