Dogo na kazi ya usalama

Dogo: Shikamooni wakubwa. Nimemaliza chuo na nimeshaamua, naomba kazi idara ya ujasusi, niwe afisa kabisa. Niombeeni

Ma'mdogo: Mungu akutangulie mwanangu 🙏🙏

Anko: Marahaba. Dogo futa hiyo meseji saa hii. Nakwambia kwa upendo, humu kwenye grupu kuna namba nyingine hata mimi sizijui ni za nani

Dogo: Si familia tu anko?

Anko: Sikiliza. Idara za ujasusi za wenzetu, MI6 ya Uingereza na CIA ya Marekani, zote zinamwambia mwombaji asitangaze kwamba ameomba, yani hujaitwa hata usaili na mdomo wako ushaanza kupimwa. MI6 yenyewe ipo tangu 1909 lakini sheria ya kuitambua imekuja 1994, we unatangazia ukoo mzima

Binamu: kwani si wale wa bastola na magari ya kasi

Anko: Wengi wanashinda mezani wanasoma. Mchambuzi analetewa habari kumi zinagongana, aamue ipi ya kuaminika, aandike kwa ufupi kiongozi aelewe. Na yule wa kutumwa nje kwa kawaida haibi siri mwenyewe, anamtafuta mtu aliye ndani kule amletee, ukizembea wewe anayekamatwa ni yule. Huo mzigo dogo utauweza?

Da Mkubwa: Mie nasikia wanakupekua mpaka madeni

Anko: Madeni, safari, marafiki, madawa, wanahoji mpaka uliokaa nao. CIA wana mpaka mashine ya kupima uongo. Kama una kosa la zamani liseme mwenyewe, kosa wanaweza kulipima wakakuelewa ila ukilificha basi tena, maana mwenye cha kuficha adui akikijua anamtishia nacho

Ma'mdogo: Sasa ajiandae vipi?

Anko: Lugha za kigeni azikamate kweli kweli, na ajue kuandika. Wanachukua wahasibu, wanasheria, watu wa kompyuta, sio lazima awe askari

Ma'mdogo: Na akioa, mke akimuuliza leo kazini kulikuwaje?

Anko: Atasema salama, basi. Miaka yote. Akiokoa watu hakuna wa kumpongeza hadharani. Mimi hilo ndo naona zito kuliko upekuzi wote

Dogo: Nimefuta anko. Bado naitaka

Anko: Basi usiandike tena, nipigie