MREJESHO: Kaka mwenye homa ya ini B

Wakuu, niliuliza hapa kama kaka yangu mwenye homa ya ini B sugu aendelee na mizizi ya kuchemsha au aanze tenofovir (dawa ya kuzuia virusi). Asanteni, hasa mliosisitiza apime wingi wa virusi kwanza. Vilizidi uniti 2,000 kwa mililita, moja ya vigezo vya kuanza dawa kwenye mwongozo wa WHO wa 2024. Kaanza kidonge cha miligramu 300 kila siku. Kipimo cha juzi virusi havionekani. Ila hajapona: HBsAg (alama ya kirusi kwenye damu) bado ipo, dozi haikatishwi, na ultrasaundi ya ini ni kila miezi 6. Shemeji kapimwa, hana, kachanjwa. Mizizi kaacha, mama kanuna mpaka leo. Kopo la tenofovir kaka analificha kabatini, maana wageni wakiliona wanadhani anatumia ARV za VVU.