Kipaimara cha kijana wangu: ofisi ya parokia imemrudisha, nisaidieni

Mama wa Njiro
Wakenya wenzangu wa Arusha na Moshi, habari za leo. Naandika nikiwa na uchungu. Jana nilimpeleka kijana wangu wa darasa la sita kuandikishwa mafundisho ya kipaimara, parokia ile ile tunayosali tangu tuhamie huku. Katibu akaichukua kadi yake ya ubatizo ya Kenya, akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha mezani. Anataka cheti, si kadi. Anataka barua ya jumuiya yenye muhuri. Anataka aone na bahasha za zaka. Jumuiya ya mtaa wetu inasali Jumamosi alfajiri, na mimi saa hizo nafungua duka, kwa hiyo mwenyekiti anasema hanijui. Mtoto amesimama pale kando na daftari jipya, jalada ameshaliandika "Mafundisho" kwa kalamu nyekundu.

Swali langu ni moja tu: cheti kikitoka parokia ya kule Kenya kinatosha, au lazima kwanza kipitie kwa askofu? Mafundisho yanaanza mwezi ujao.

Baba wa Usa River
Pole sana dada. Kwetu KKKT, Kanisa la Kilutheri, kipaimara ni miaka miwili, mtoto anasoma Katekisimu Ndogo mpaka anaijua kwa moyo, na ukitoka usharika mwingine unakuja na barua ya utambulisho, basi. Hakuna mambo ya bahasha kwa mtoto. Ila nakwambia, kilichomfundisha wangu si darasa. Ni sikukuu ya mavuno. Mwaka jana alifuga kuku wake mmoja, akambeba mwenyewe kwapani hadi kanisani, akasimama kwenye mnada nje baada ya ibada akasikia bei ikipanda. Kuku akanunuliwa, mnunuzi akamtoa tena, akauzwa mara ya pili. Kijana akaniuliza njiani, "Baba, kwa hiyo nimemtolea Mungu mara mbili?" Na mwisho wa Septemba, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, wao ndio wanaoongoza ibada nzima. Mpeleke mtoto mahali atakapopewa kazi.

Mwalimu wa Moshi
Baba wa Usa River, soma swali kabla ya kujibu. Mama ni Mkatoliki, ya KKKT hayamsaidii hapa.

Mama, huyo katibu kwa cheti yuko sahihi, hata kama mdomo wake mchungu. Kadi si cheti. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inataka kipaimara, ndoa na upadre viandikwe kwenye kitabu cha ubatizo, parokia aliyobatizwa mtu. Ndiyo maana wanaomba cheti kipya kilichonakiliwa kitabuni, waone kama ameshapokea au bado. Na akishaimarishwa hapa, paroko wa hapa anapaswa kuwajulisha wa kule. Siku akitaka kuoa atashukuru. Na kama kitabu kimepotea au kimeungua, kanuni ya 876 inaruhusu shahidi mmoja wa kuaminika athibitishe ubatizo. Msimamizi wake yuko hai? Aandike.

Suala la zaka lisichanganywe na sakramenti. Mtoto hana mshahara.

Mama wa Sakina
Mimi yangu ilikuwa nyingine kabisa. Binti yangu alisoma Nairobi, sala zote alizijua kwa Kiingereza. Siku ya kwanza ya mafundisho katekista akamwambia, "Haya, Kanuni ya Imani." Mtoto kimya. Wenzake wakacheka. Akarudi nyumbani akasema haendi tena.

Sikumlazimisha. Tulianza jikoni, mimi naosha vyombo yeye anafuta, nasema mstari mmoja naye anarudia. Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe, kisha Imani kidogo kidogo, kisha Amri. Hatukuongeza kingine mpaka cha jana kikae. Kwaresima ilipofika jumuiya ikampa kituo cha sita kwenye Njia ya Msalaba, Veronika anampangusa Yesu uso. Alisoma kidole kikifuata mstari, sauti inatetemeka, lakini alimaliza. Kuanzia Ijumaa ile ndiye anayenikumbusha muda umefika.

Wazazi tunaohama na watoto, tuangalie hili mapema. Mtoto anaweza kuwa na imani yake yote na akaonekana mjinga kwa sababu ya maneno tu.

Mzee wa Sakina
Nimesoma yote. Mwalimu, kanuni umezitaja vizuri, ongeza na ya 774: wazazi kabla ya watu wengine wote wanapaswa kuwalea watoto katika imani kwa neno na kwa mfano. Tunapigana na katibu, na nyumbani rozari iko kwenye kabati.

Watoto wangu niliwafundisha kwa Mtakatifu Kizito, yule kijana wa mashahidi wa Uganda. Alikuwa na miaka kama 14. Usiku ule wa mwaka 1886 pale Munyonyo hakukuwa na padre wala kitabu, Karoli Lwanga, kiongozi wao, mwenyewe akambatiza kijana yule kwa maji, wakapelekwa Namugongo, na Juni 3 wakachomwa moto. Mjukuu wangu hulala na hadithi hiyo. Anaanza kuuliza maswali makubwa: aliogopa? Mbona hakukimbia? Hayo ndiyo mafundisho. Jibu swali la mtoto usiku huo huo, usimwambie amsubiri katekista.

Baba wa Usa River
Mwalimu, "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja", Waefeso 4:5. Kuku wangu hajui dhehebu.

Na hili la vyeti ni sehemu ya tatizo kubwa. Mkataba wa Afrika Mashariki ulisainiwa hapa hapa Arusha Novemba 30, 1999. Mpaka leo Mkenya anakwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, akija Tanzania ni pasipoti, na pale Namanga wakuulize kadi ya homa ya manjano ya mtoto. Tutajengaje undugu namna hii? Viongozi wetu wakae wazungumze.

Mwalimu wa Moshi
Tafadhali, siasa ina mahali pake.

Dada wa Himo
Mimi ninachokikosa ni watoto wacheza sadaka wa kwetu Machakos. Matoleo yakianza wanaingia kwa mistari miwili, wadogo kabisa mbele, kanisa zima linasimama. Nikisikia kinanda Jumapili huku macho yanajaa machozi. Lakini nawasifu wa hapa kwa Utoto Mtakatifu, ule utume wa watoto tunaouita PMC kule. Ulianzishwa Ufaransa 1843 na Askofu Forbin-Janson, kila mtoto Salamu Maria moja kwa siku na senti moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wa mbali. Wangu ana kopo lake la sarafu, hakuna anayeruhusiwa kuligusa, hata mimi nikikosa nauli ya bodaboda.

Mama wa Njiro
Asanteni, nimejifunza mengi. Lakini kwa askofu au si kwa askofu?

Mwalimu wa Moshi
Nimeshakuandikia, cheti kipya kutoka kitabuni.

Mama wa Sakina
Dada, wakati unafuatilia cheti usimwache mtoto akae bure. Jumuiya yetu inasali Jumapili saa kumi alasiri, duka litakuwa limefungwa. Wiki hii tuko kwa bibi mmoja aliyepooza, watoto ndio wanaoongoza rozari, na fungu la tatu halina mtu. Mlete kijana alichukue. Nimeshaongea na mwenyekiti wetu, anataka akuone wewe na mtoto ana kwa ana kabla hajaandika barua yoyote. Njooni na kilo ya sukari na mche wa sabuni kwa ajili ya bibi.